SOMO: pH ikishuka msimu wa baridi kwenye tangi la samaki na matumbawe la maji ya chumvi, usikimbilie dawa

Kila baridi ikianza swali ni lilelile: "pH ilikuwa 8.3, sasa 7.8, niweke nini?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Mara nyingi mkosaji ni hewa ya chumbani. Nje hewa ukaa ni takriban sehemu 420 kwa milioni. Madirisha yakifungwa, kwa pumzi za watu na jiko la gesi, hupita 1,000 bila shida. Ikiyeyuka majini huzaa asidi, na pH hushuka hata kama alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi) haijasogea. Wanaojifungia na kiyoyozi hupatwa na hayohayo msimu wa joto.

1. Rekebisha kipimo cha pH kwa vimiminika vya pH 7 na 10, vilivyofunguliwa karibuni.

2. Pima kabla taa za tangi hazijawaka, kisha kabla hazijazimwa. Tofauti ya 0.2 hadi 0.4 ni kawaida.

3. Pima alkaliniti. Ikiwa kati ya 8 na 11 dKH (kizio chake), iache.

4. Chota maji ya tangi kwenye majagi mawili. Moja lipulizie hewa nje kwa saa nzima, la pili ndani. La nje likipanda na la ndani likigoma, tatizo ni hewa ya chumba. Yakipanda yote, uso wa maji ya tangi haukorogeki vya kutosha. Elekeza pampu juu. Yakigoma yote, rudi kwenye alkaliniti.

5. Mpira wa hewa wa skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) upitishe dirishani. Mdomo utazame chini, ufungwe wavu, uwe mbali na moshi na dawa za wadudu. Mpira mrefu na mwembamba huua povu, chukua mnene.

6. Chokaa iliyozimwa, kama hatua ya 5 haikutosha. Hapa ndipo watu huua tangi, na mimi nimo. Gramu 1 kwa lita ya maji safi yaliyochujwa. Acha itulie mpaka maji yang'ae, mashapo ya chini yasiingie. Dondosha tone tone usiku, pH inapokuwa chini, na isizidi maji yaliyovukizwa. Maji hayo yana pH zaidi ya 12. Ukiyaunganisha na boya la kujaza maji, boya likakwama, yanaingia yote kwa mpigo na tangi linageuka maziwa. Kwa hiyo chombo cha chokaa KISIBEBE zaidi ya uvukizi wa siku moja. Tena uvukizi hubadilika na msimu, na dozi hubadilika nao kimyakimya. Msimu ukigeuka pima alkaliniti kila wiki. Vaa miwani na barakoa, vumbi lake linachoma.

MASWALI

Chewa: Mkuu nimeweka bikaboneti vijiko vitatu, pH haijapanda. Niongeze?

Jibu: Usiongeze. Hatua ya 3 umeiruka. Bikaboneti hupandisha alkaliniti, pH haipandi kwa maana yoyote. dKH ni ngapi?

Kolekole: Yangu ni 7.9 mwaka mzima na matumbawe yanakua vizuri.

Jibu: Basi usiguse kitu.

Ngisi: Nje kwangu kuna moshi, dirisha halifai. Zile chembe za kufyonza hewa ukaa zinafanya kazi? Nitajuaje zimechoka?

Jibu: Swali zuri. Ni soda laimu. Weka kichujio chake kwenye mpira wa hewa wa skima. Nyingi hubadilika kutoka nyeupe kuwa zambarau. Itazame rangi hewa ikiwa inapita, kwa sababu zikipumzika weupe unaweza kurudi ukakudanganya. Ili zidumu, vuta hewa kutoka mfuniko wa kikombe cha skima, izunguke ileile. Zikikauka sana hulegea kazi, unyevu kidogo unazisaidia.

Ngisi: Asante. Na mwani kwenye tangi la chini, lile dogo la vichujio?

Jibu: Unasaidia sana. Uwashie taa usiku, taa za juu zikizimwa. Unakula hewa ukaa saa zile pH inaposhuka.

Kolekole: Nyongeza: kichwa cha kipimo kisihifadhiwe kwenye maji yaliyochujwa, kinakufa. Tumia kimiminika chake cha kuhifadhia.

Chewa: dKH ni 14.

Jibu: Ndiyo hiyo, imepita 11. Usiweke chochote, chokaa pia usiguse. Badilisha maji asilimia 10 kwa chumvi yenye alkaliniti ya chini, pima kila siku, na kagua hita na pampu. Ukoko mweupe ukiwepo, loweka kwenye siki.