Kabla hujanunua mkoba wa jina kubwa: ushauri wa fundi wa mikoba, Mtwara

Korosho zikishaanza kuuzwa, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa hadi mwaka mpya, meza yangu karibu na Soko Kuu la Mtwara hujaa mikoba. Mingine inaletwa kushonwa, lakini mingi inaletwa nitoe jibu moja tu: ni orijino au feki? Mtu keshakubaliana na muuzaji, hela iko kwenye simu, anamsubiri fundi aitikie. Mimi huanza na swali jingine: "Dada, huo mkoba unataka nani auone?" Wengine hudhani nawapekua mambo yao. Hapana. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ununue upi, kwa bei gani, na uangalie nini ukishaushika.

Jua kwanza unamwonyesha nani

Mkoba wa kubebea simu, funguo na leso utaupata kwenye mitumba hapa sokoni kwa Sh 15,000, tena imara. Anayetoa mamilioni ananunua kitu cha ziada, na kitu hicho kiko machoni mwa watu. Mwaka 1899 mchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, aliandika kwamba baadhi ya vitu hutakiwa kwa sababu ni ghali: ughali wenyewe unamwonyesha mtazamaji kuwa mwenye navyo anaweza kutoa fedha nyingi na asiumie. Ndiyo maana Louis Vuitton, kampuni ya Paris ya mikoba ya kifahari, hawana msimu wa punguzo. Wakishusha bei, wanaharibu kile ambacho mteja alikuja kukinunua.

Lakini ujumbe wa namna hiyo unahitaji mtu wa kuupokea. Mwaka 2010 watafiti watatu, Young Jee Han, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha utafiti ambao nauona ndio ufunguo wa biashara hii yote. Walipima ukubwa wa nembo kwenye mikoba ya Gucci na ya Louis Vuitton, wakalinganisha na bei. Wakakuta kwamba nembo kubwa inakwenda na bei ya chini, na bei inapanda kadiri nembo inavyofifia. Matajiri wasio na haja ya kuthibitisha chochote wanapenda kutambuana wenyewe kwa wenyewe, kwa mshono au kwa umbo la kifungo. Wenye fedha wanaotaka kujitenga na wasio nazo huchagua nembo inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Na wanaotamani kufanana na hao, ila mfuko haufiki, ndio soko la kopi. Kopi nyingi zinazopita mezani kwangu zina nembo kubwa kupindukia.

Sasa lilete jambo hilo huku kwetu. Nenda kwenye harusi Mikindani, ukae na kina mama mkekani. Wale wanasoma kuliko mwalimu yeyote. Wanajua kanga iliyotoka juzi na ya mwaka juzi, wanatambua dhahabu kwa jicho, wakiitazama sare yako wanamtaja fundi aliyeishona. Weka hapo pembeni mkoba mweusi usio na maandishi wa Hermès, kampuni nyingine ya Paris, na wao wataona mkoba mweusi. Kwa macho hayo, bangili ya dhahabu ina uzito kuliko kitu chochote kutoka Paris, na siku ya shida unaipeleka kwa sonara ikapimwa kwa gramu. Kama watu unaotaka wakuone ni hao, ushauri wangu hauna kona: hela ya mkoba nunulia dhahabu.

Kama ni wafanyakazi wenzako wa ofisi kubwa Dar es Salaam, au wageni unaofanya nao kazi, hesabu inabadilika. Niliyaona hayo miaka ile gesi ilipoleta wageni Mtwara, kabla bomba la kwenda Dar halijazinduliwa mwaka 2015. Mabinti waliokuwa wakifanya kazi na kampuni hizo walianza kuniletea mikoba yenye herufi kubwa kubwa. Baada ya muda, wale wale wakawa wanataka ya rangi moja, ngozi nzuri, isiyo na maandishi. Walikuwa wamekaa na watu wanaojua, wakajifunza wanachokitazama.

Wapo pia wasiokuwa na mtu wa kumwonyesha. Mama mmoja mkulima wa korosho kutoka Tandahimba aliniletea mkoba mwekundu wa ngozi niukaze mshikio. Keshalipa ada za watoto, keshanunua bati za nyumba, kilichobaki akanunua mkoba huo, na anakwenda nao kwenye mikutano ya chama cha msingi. Nikamwambia, "Shikamoo mama, mkoba mzuri huu." Akaitika, akasema, "Mwanangu, waume zetu msimu ukiisha wananunua pikipiki. Mimi nimenunua huu." Sijawahi kumshauri mtu wa aina hiyo abadili nia. Hela ni yake, ameitolea jasho shambani, na kila akiubeba anajua hivyo.

Na kuna mkoba unaomsema mume. Mwaka 2014 watafiti Yajin Wang na Vladas Griskevicius walionyesha kwamba mwanamke akimwona mwenzake na mkoba wa thamani hudhani mwanamume wa yule mwenzake anamjali sana, na hivyo si rahisi kumnyang'anya. Utafiti ulifanyika Marekani, lakini swali la kwanza linaloulizwa hapa Ligula au Magomeni ni lile lile: "Kakununulia nani?" Ukinunua kwa sababu hiyo, usijibane na bei. Kinachotazamwa ni aliyekupa, na mkoba wa bei ya kati unaojulikana umetoka kwa mumeo unafanya kazi hiyo vizuri.

Jua unacholipia

Louis Vuitton alifungua biashara yake ya masanduku ya safari Paris mwaka 1854. Mwaka 1896 mwanawe Georges alibuni ule mchoro wa herufi na maua ili kuwazuia waliokuwa wanaiga masanduku yao. Leo huo ndio mchoro unaoigwa kila pembe ya dunia. Jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui ni kwamba sehemu ile yenye mchoro haijatengenezwa kwa ngozi. Ni turubai ya pamba iliyopakwa plastiki, ndiyo maana inavumilia mvua. Ngozi iko kwenye mishikio na kingo. Muuzaji akikuapia kwamba mkoba wa turubai hiyo ni ngozi tupu juu hadi chini, ama hajui anachouza au anakudanganya.

Ngozi ile ya mishikio kwa mikoba mingi ya aina hiyo haipakwi rangi. Inaanza ikiwa nyeupe ya maziwa, kisha jua na jasho la mkono vinaibadilisha polepole mpaka inakuwa rangi ya asali. Ukiambiwa mkoba umetumika miaka mitano halafu mshikio bado mweupe, uliza maswali. Ukiambiwa ni mpya na mshikio tayari ni wa chungwa, urudishe.

Hermès ndio wanaonigusa mimi kama fundi. Thierry Hermès alianza mwaka 1837 na vifaa vya ngozi vya farasi, na kampuni ile bado inatumia mshono wa watengeneza matandiko: uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili, kila moja inapita tundu lile lile kutoka upande wake. Cherehani haiwezi kushona hivyo. Cherehani ina nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinakutana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mstari unafumuka ukiuvuta. Mshono wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, upande wa pili wa uzi unaendelea kushika. Mimi huutumia kwenye mikanda na viatu vya ngozi, na najua jinsi unavyokula muda na vidole. Utazame kwa karibu: ukishonwa kwa mkono huinama kidogo upande mmoja, kama mwandiko wa mtu, ilhali wa cherehani unalala sawasawa kwenye mstari. Ukiletewa "Birkin", mkoba mashuhuri wa Hermès, yenye mshono wa cherehani pande zote, huhitaji kuuliza zaidi.

Chanel niwataje kwa haraka: mkoba wao mashuhuri ulitoka Februari 1955, ndiyo sababu unaitwa 2.55, na ule mnyororo uliwekwa ili mwanamke autundike begani abaki na mikono mitupu. Kwa anayekwenda harusini kutunza, faida hiyo ni ya kweli, na unaipata kwa mkoba wowote wenye mkanda.

Kuukagua mkononi

Kadi iliyoandikwa kwamba mkoba ni halisi isikutulize. Louis Vuitton hawatoi kadi za namna hiyo, kwa hiyo kuwepo kwake ni sababu ya kushtuka. Namba zilizochapwa ndani nazo hazitoshi, kwa sababu anayeiga mkoba anaweza kuchapa namba. Isitoshe, tangu 2021 Louis Vuitton na Chanel wanatumia kichipu kilichofichwa ndani, na mikoba yao mipya haina namba za zamani. Mtu anayekuuzia "mzigo wa mwaka jana" na kukuonyesha namba hizo za zamani kwa fahari amejifunga mwenyewe.

Tazama bitana. Igeuze nje mfukoni mwa ndani, mahali ambapo mtengenezaji mvivu hudhani hutafika: nyuzi zinazoning'inia, gundi iliyovuja, kona zilizokunjwa bila kushonwa. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa ukiwa umeukunja mkoba kidogo. Tazama michoro inapokutana kwenye mishono. Halafu dai risiti ya duka, kwa sababu kampuni hizi hazina maduka yao Tanzania, na mkoba umefika hapa kupitia mkono wa mtu. Mjue mtu huyo.

Kuhusu feki, nasema wazi kwa sababu naona fedha za watu zinavyopotea. Usinunue kopi ukitarajia ichukuliwe kuwa ya kweli. Wanaoijua ya kweli watatambua kwa mshikio na zipu kabla hujakaa. Wasioijua wasingeitambua hata ile halisi. Kopi basi haimfikii mtu yeyote, na umeilipia. Biashara ya bidhaa bandia pia ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza mizigo ya aina hiyo. Kama umependa umbo tu, liko lisilo na jina, nunua hilo kwa amani.

Kama unachotaka ni mkoba mzuri

Kwenye mitumba, fika belo linapofunguliwa asubuhi na tafuta ngozi. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi hutengeneza mikunjo midogo midogo kuzunguka kidole, plastiki inabonyea na kurudi. Tafuta ukingo uliokatwa; ngozi ina nyuzinyuzi, plastiki inaonyesha kitambaa chini ya ganda. Usikubali mambo ya kuchoma na kiberiti, unaharibu mali ya watu.

Na usiupite ukili. Jane Birkin, mwimbaji na mwigizaji ambaye mkoba ule wa Hermès wa 1984 umeitwa kwa jina lake, alikuwa anajulikana kwa kutembea na kikapu cha kusukwa. Vitu vyake vilimwagika ndani ya ndege, jirani yake kwenye kiti alikuwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès, wakazungumza mpaka mkoba ukazaliwa. Ule wa kwanza kabisa, uliochakaa kwa kubebwa, uliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, Paris, Julai 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8. Wateja wangu wa Dar wananiagiza mikoba ya ukili iliyosukwa na wanawake wa huku, mimi naitia mishikio ya ngozi kwa sindano mbili. Wakiubeba Posta au Masaki wanaulizwa umetoka wapi, wanajibu Mtwara.

Kuutunza kwenye hewa ya bahari

Ngozi bandia ya plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, tofauti na ile turubai ya Louis Vuitton, huharibiwa na unyevunyevu hata usipoitumia. Mkoba uliofungiwa kabatini kwa miaka miwili hapa mjini unatoka umebabuka, na hakuna fundi wa kuurudisha. Huo utumie, usiuhifadhi. Wa ngozi uhifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, siyo wa nailoni, ukiwa umejazwa karatasi ili usilale. Tia ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu. Mvua zikianza kuanzia Novemba, utoe kila wiki upigwe na hewa kivulini, uufute kwa kitambaa kikavu; koga ikionekana, ifutie nje ya nyumba. Vyuma vifute chumvi ya hewa kabla ya kutu. Mshikio ukilegea, uje mapema uzi ukiwa bado umeshika, na tafadhali usianze wewe na gundi ya haraka: inakauka ikawa ngumu, inapasua ngozi pembeni, na mimi inanibidi nikate sehemu ambayo ingeshonwa.