Kabla Hujaenda Kozi ya Juu ya Kiingereza cha Kidiplomasia

Ofisa wa mambo ya nje anayepelekwa kozi ya juu ya Kiingereza, kwa kawaida Kiingereza anakijua. Amekisoma, amekiandikia barua, ameshabishana nacho na maofisa wa uhamiaji kwenye viwanja vya ndege. Kinachomkwaza ni kwamba hutamka neno akidhani ni jepesi, kumbe limetua mezani kama jiwe; au hutamka zito akidhani ameonya, na upande wa pili ukasikia adabu tu. Nimefundisha watu wa kazi hii kwa miaka kadhaa. Anayerudi amebadilika na anayerudi na cheti tu huwa wameshaachana njia wiki tatu nne kabla ya siku ya kwanza ya darasa.

Kwanza jua unachokiendea. Kiingereza cha kidiplomasia ni kapu kubwa. Kuna waraka rasmi wa nafsi ya tatu, ule wa "note verbale", unaoanza kwa ubalozi kutoa salamu zake na kuishia kwa kurudia heshima zake za juu kabisa. Kuna hotuba ya kusoma, kuna rasimu ya kujadiliwa neno kwa neno hadi usiku, kuna maswali ya waandishi wa habari, kuna maongezi ya dakika tano kwenye tafrija na mtu ambaye umekuwa ukimtafuta mwezi mzima. Chukua karatasi, orodhesha kila kazi uliyofanya kwa Kiingereza miezi mitatu iliyopita. Halafu, kwa siri yako, weka alama kwenye zile ulizomsukumia mwenzako kwa sababu uliogopa. Hizo ulizokwepa ndizo kozi yako. Zipeleke kwa mkufunzi hata kama hakuziuliza.

Suala la kiwango lina mtego. Mizani inayotumika sana ni ile ya Baraza la Ulaya iliyotolewa mwaka 2001, yenye ngazi sita kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mahiri kabisa, na kozi za juu nyingi hutaka mtu awe B2 ya kukomaa au C1. Lakini maofisa wengi wana viwango viwili vitatu kwa wakati mmoja: wanasoma kama C1, wanaandika kama B2, na wakipewa kipaza sauti bila karatasi wanateremka hadi B1. Mtihani wa kuchagua majibu kwenye kompyuta hautaliona hilo. Omba upimwe kila stadi peke yake, na kuongea upimwe na binadamu.

Saa nazo zihesabu vizuri kabla hujamwahidi mtu. Makadirio ya Cambridge, watunga mitihani ya Kiingereza, ni saa 500 hadi 600 za kufundishwa ili kufikia B2, na 700 hadi 800 kufikia C1. Ngazi moja, basi, ni kama saa 200. Kozi ya wiki mbili, saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 60. Haitakupandisha ngazi. Inaweza kukunyoosha mambo matatu au manne, na hayo yakichaguliwa vizuri yanatosha. Wamarekani, wanapowafundisha wanadiplomasia wao lugha yetu ya Kiswahili, huwatengea takriban wiki 36 za kusoma bila kazi nyingine. Mkubwa wako akikuambia urudi "unaongea kama mzaliwa" baada ya siku kumi, mpe mfano huo kwa upole.

Kama kituo unachopangiwa kinadai cheti cha mtihani, hilo ni jambo la pembeni, ulimalize mapema. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotambulika kimataifa, huhesabika kwa miaka miwili. Mazoezi ya mtihani na mafunzo ya kazi ni vitu viwili, na ukivichanganya katika wiki mbili vyote vitakuponyoka.

Sasa kwenye kiini. Kabla ya kozi, zoeza jicho lako kuona maneno madogo. Tarehe 12 Desemba 2015 jijini Paris, majadiliano ya mkataba wa tabianchi yalikuwa yamefika mwisho, wajumbe wamechoka, na ghafla kikao kikachelewa. Kwenye kifungu cha 4, aya ya 4, rasimu ilisema nchi zilizoendelea "shall" kuendelea kuongoza katika kupunguza hewa chafu. Marekani haikuweza kulikubali neno hilo, kwa kuwa "shall" katika mkataba hufunga kisheria. Likabadilishwa kuwa "should", likasomwa ukumbini pamoja na marekebisho mengine ya kiufundi, na mkataba ukapita. Kwa Kiswahili tungehangaika kidogo hapo: "zitaendelea", "ziendelee", "zinapaswa kuendelea". Kila moja ina harufu yake, lakini hakuna inayokaa sawasawa juu ya mwenzake wa Kiingereza.

Mfano wa pili ni mkongwe zaidi. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Novemba 1967, kwa Kiingereza linataka majeshi ya Israeli yaondoke "from territories occupied in the recent conflict". Hakuna "the" mbele ya "territories". Nakala ya Kifaransa inasema "des territoires occupés", na Kifaransa hicho kinaweza kusomeka kuwa ni maeneo yote. Mabishano juu ya kale kaneno kasikokuwepo yameendelea tangu hapo. Msemaji wa Kiswahili anahitaji kukaa na mfano huu kuliko wengine, maana lugha yetu haina "the" wala "a". Tunasema "maeneo yaliyokaliwa" na muktadha unatubeba. Tukiandika Kiingereza, tunazitupia "the" kama chumvi, pale mkono unapofika.

Kwa hiyo fanya zoezi hili mwenyewe nyumbani. Tafuta maazimio matatu ya Baraza la Usalama, yako wazi kwa umma. Ruka utangulizi wenye vitenzi vya "Recalling" na "Noting", nenda kwenye aya zenye namba, na unakili kitenzi cha kwanza cha kila aya: "Decides", "Demands", "Calls upon", "Urges", "Encourages". Vipange kwa uzito, kizito juu. Utaona kuwa "Decides" inaamuru na "Encourages" inabembeleza, na kwamba katikati kuna ngazi ambazo watu hukesha wakizigombania. Nenda darasani na orodha hiyo ikiwa na alama za kuuliza pale ulipokwama.

Jichunguze pia tabia unazozibeba kutoka lugha yako. Kwa sisi wa Kiswahili, ya hatari kupita zote ni "ndiyo". Mtu akikuuliza "Serikali yako bado haijaamua?" unajibu "Ndiyo", ukiwa na maana kwamba kweli, haijaamua. Ukijibu "Yes" kwa swali hilohilo la Kiingereza, utamwacha mwenzako njia panda, na pengine ataandika kwenye ripoti yake kuwa imeshaamua. Jizoeze kujibu kwa sentensi nzima: "No, it has not decided." Halafu kuna adabu. Sisi adabu yetu inakaa kwenye salamu na kwenye "naomba". Kiingereza huificha ndani ya vitenzi, kwenye "would", "might" na "could". Ofisa mwenye heshima zote, aliyeuliza habari za nyumbani na za safari, anaingia kwenye hoja na kusema "We want your answer by Friday", na anashangaa chumba kikipoa. Wanaotoka kwenye Kifaransa wana mtego wao: "demander" ni kuomba tu, lakini "to demand" ni kudai kwa ukali. Kila lugha ina wa kwake. Andika mitatu ya kwako.

Jirekodi. Hakuna anayelipenda zoezi hili. Ofisa mmoja mwandamizi alinisomea hotuba ya maneno 480, nami nikabonyeza saa. Alimaliza kwa dakika mbili na sekunde 50, yaani karibu maneno 170 kwa dakika. Wakalimani hupata nafasi ya kupumua msemaji akienda maneno 100 hadi 120. Lakini kasi haikuwa habari kubwa. Tulipoisikiliza rekodi, kwenye sentensi ya tatu alinyanyua mkono nisimamishe. Alikuwa amekusudia "we can't accept". Kilichosikika kilikuwa "we can accept". Ile "t" ya mwisho ilimezwa na mbio, na msimamo wa nchi ukageuka. Tangu siku hiyo kwenye karatasi zake huandika "cannot" kwa ukamilifu na kuipigia mstari, nami nawashauri wote wafanye hivyo. Kama utaandaa hotuba ya mjadala mkuu wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako wazungumzaji huombwa wasizidishe dakika 15, bajeti yako ni maneno 1,500 hadi 1,800 tu, pamoja na salamu.

Kozi nyingi zitakuambia uje na hati zako halisi za kazini. Usiende nazo. Tengeneza nakala bandia: majina ya nchi yawe Nchi A na Nchi B, tarehe zibadilike, jambo lenyewe liwe jingine, ila muundo wa sentensi na makosa yako yabaki kama yalivyo, maana hayo ndiyo yanayokwenda kutibiwa. Mwonyeshe anayehusika na usalama wa nyaraka ofisini kwako kabla hujaondoka. Na ukiwa unajiandaa usiku, usibandike telegramu ya ofisi kwenye programu ya kutafsiri ya mtandaoni ili uone Kiingereza chake kizuri kikoje. Ukishabonyeza, huna tena mamlaka nayo.

Masikio nayo yanahitaji mazoezi, na si ya watangazaji wa redio. Kwenye mikutano ya kimataifa, Kiingereza kingi utakachokisikia kinasemwa na watu ambao si chao. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, na wajumbe ambao lugha yao haimo humo kwa kawaida huchagua moja kati ya hizo, la sivyo walete mkalimani wao. ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, imeandika kabisa kwenye katiba yake kuwa lugha yake ya kazi ni Kiingereza, ilhali kwa wanachama wengi si lugha ya nyumbani. Fungua UN Web TV, tovuti ya video ya Umoja wa Mataifa, chagua kikao cha Baraza la Usalama, sikiliza dakika kumi za mjumbe ambaye lafudhi yake inakupa shida, andika ulichosikia, kisha linganisha na kumbukumbu ya kikao iliyochapishwa neno kwa neno. Dakika kumi kwa siku, wiki mbili. Hapo ndipo utajua kama tatizo ni lafudhi yake au msamiati wako. Tahadhari ndogo pia kwa Waingereza na Wamarekani wenyewe: "to table" kwa Mwingereza ni kuleta hoja mezani, kwa Mmarekani ni kuiweka kando.

Kuna jambo ambalo fomu za kujiunga haziliulizi, nalo ni cheo. Darasa likiwa na balozi na katibu wa tatu wa ubalozi, balozi hatazungumza. Si kwamba hawezi. Hataki kukosea mbele ya kijana atakayemwandikia hotuba kesho. Na kijana naye hatathubutu kujua zaidi ya mkubwa wake. Nimeona wiki nzima ikipotea hivyo, kila mtu akitikisa kichwa kwa heshima. Uliza mapema nani watakuwa darasani. Kama wewe ndiye mkubwa, omba saa za peke yako na mkufunzi, au amua kabla kwamba utakosea hadharani siku ya kwanza asubuhi ili jambo liishe. Kama wewe ni mdogo, omba mwenzako wa mazoezi awe wa kutoka ofisi nyingine.

Mtoaji wa kozi mhoji bila haya. Darasa lina watu wangapi? Zaidi ya wanane kwenye mazoezi ya majadiliano, kuna watakaobaki watazamaji. Mkufunzi amewahi kuona rasimu yenye mabano, yale yanayozunguka maneno ambayo bado hayajakubaliwa, au anafundisha Kiingereza cha biashara alichokibadilisha jalada? Kazi za kuandika zinarudishwa na masahihisho baada ya muda gani? Rekodi za madarasa zinatunzwa wapi, na zinafutwa lini? Akikujibu kwa vipeperushi, tafuta kwingine.

Mwisho ni dawati lako. Ofisa aliye darasani huku simu ya ofisi inamlia kila nusu saa hayuko darasani. Kabidhi kazi kwa maandishi kwa mtu mmoja, si kwa "wenzangu", na mweleze mkubwa wako ni saa zipi utapatikana. Katika mazungumzo hayohayo, mwombe akupangie kazi ya kwanza utakayoifanya kwa Kiingereza wiki utakayorudi, na iwe moja ya zile ulizoziwekea alama kwenye karatasi: labda kuandika muhtasari wa kikao, labda kuwapokea wageni bila mkalimani. Tarehe iandikwe kwenye kalenda yake na yako kabla hujafunga begi.