Kitambaa cha "danchō" cha mkononi: namna ya kujishonea bila kuharibu sweta

Wakuu, tangu tupige zile picha za Jumamosi huku Uyole, Mbeya, tukiwa tumevaa kama wahusika wa anime (katuni za Kijapani), watu wananiuliza kile kitambaa chekundu cha mkononi nimekitoa wapi. Sijakitoa popote, nimekishona mwenyewe, cha kwanza kikaharibika, cha pili kikaja na aibu yake nitawaambia. Acha niandike mara moja nisije kurudia kwa kila mtu inbox.

Usianzie dukani, anza na cheo. Kwenye anime kile kitambaa kinamtangaza mtu, kwa hiyo lazima ujue wewe unajitangaza kuwa nani. Chukua Haruhi Suzumiya, yule binti wa sekondari (vitabu vilianza 2003, anime ikaja 2006): hakuna aliyempigia kura, kaanzisha kikundi chake shuleni, kajipa cheo, kajivalisha kitambaa kimeandikwa 団長, danchō, mkuu wa kikundi, kamaliza. Siku wanarekodi sinema yao kitambaa kinasoma chō kantoku, dairekta aliyepitiliza, siku ya upelelezi kinasoma meitantei, mpelelezi nguli. Utani wake unakolea ukijua kwamba Japan hivi vitu, wenyewe wanaita wanshō, ni vya kazini kabisa, mwandishi wa habari anavaa, polisi wa upelelezi anavaa eneo la tukio, mtu wa kupanga watu kwenye shughuli anavaa, yaani ukikiona unajua huyu hapa kwa sasa ndo mwenye kauli. Sasa mtoto wa sekondari anajiandikia cha kwake tu nyumbani!

Anime ya Bleach ni kinyume. Kule anayefunga alama mkononi ni naibu, fukutaichō, na ni kibao chenye nembo ya ua la kikosi chake, kapteni mwenyewe unamjua kwa lile joho jeupe, haori. Kwa hiyo kama unataka kuwa Renji, naibu wa kikosi cha 6, usihangaike na cherehani, kata boksi gumu, chora ua la kikosi cha 6, funga na kamba. Na kama ni Tsubasa, yule wa katuni ya mpira wa miguu, hicho ni kitambaa cha unahodha cha kawaida, Wajapani wanakiita kyaputen māku, ingia duka lolote la vifaa vya michezo nunua uondoke.

Sasa herufi, na hapa ndo penye aibu yangu. Hiyo 長 ya mwisho kwenye danchō inasomeka chō, maana yake mkuu, na ukiijua hiyo moja unapata vyeo kibao: buchō mkuu wa klabu, kaichō mwenyekiti (wale viranja wakuu wa kwenye anime za shule), taichō mkuu wa kikosi, henshūchō mhariri mkuu. Mi nikajiona nimeshaelewa Kijapani, rafiki yangu anayetushikia kamera akaomba chō kantoku, nikamwandikia kwa 長. Kumbe chō ya pale ni nyingine kabisa, 超, ile ya "kupita kiasi". Tumevaa siku nzima, tumepiga picha, hakuna aliyeshtuka, jioni mdogo wangu wa darasa la sita akasimamisha video kwenye simu akaniambia "kaka, mbona ya kwenu haifanani na hii?" Kwa hiyo usiandike kwa kusikia, simamisha picha, kuza, linganisha mstari kwa mstari.

Au andika Kiswahili tu. MKUU WA KIKUNDI kwa herufi kubwa inachekesha zaidi mtaani kuliko kanji, hizo herufi za Kijapani, ambazo hakuna anayezisoma, hayo ni maoni yangu.

Rangi: nyekundu au njano iliyokolea. Nyeusi achana nayo, huku kwetu kitambaa cheusi mkononi ni msiba, utaulizwa nani kafariki. Nyekundu yenye duara jeupe katikati na alama nyeusi pia hapana, hiyo inakupeleka kwa Hitler moja kwa moja. Na usiandike neno la polisi wala askari hata kwa utani ukitoka nacho nje.

Vipimo. Pima mkono wa kushoto juu ya kiwiko UKIWA UMEVAA SWETA, maana Julai ya Mbeya hakuna atakayevaa shati tupu asubuhi. Mimi na sweta ni sentimita 34, nikaongeza 4 za kupandanisha, nikakata 38. Upana ukitaka 10 ukimaliza, kata 22, maana kitambaa kinakunjwa katikati kiwe tabaka mbili, na sentimita moja moja ya mshono. Tetroni inafaa, satini inateleza na inameza rangi vibaya. Mi nilipata kipande cha mabaki kwa mama mmoja fundi Mwanjelwa, akauliza "mwanangu, hiki ni cha chama gani?" nikamwambia cha katuni, akacheka akanipa bure. Ndaga (asante) mama.

Herufi zinapakwa kabla ya kushona, kitambaa kikiwa kimelala bapa. Na zikae kwenye nusu MOJA ya kile kipande, sio katikati. Cha kwanza mimi niliweka katikati kabisa, nikajisifu, nilipokunja nusu ya maandishi ikaja mbele nusu ikaenda nyuma, basi kikawa kitambaa cha kufutia baiskeli.

Printi herufi za urefu wa sentimita 6 hivi, bandika kwenye manila, kata kwa wembe mpya. 団 ni kama boksi lililofungwa, ukikata mistari yote ya ndani panadondoka, kwa hiyo acha vidaraja viwili vitatu vya karatasi, utavijazia kwa brashi baadaye. Rangi ya kitambaa igonge kidogo kidogo na kipande cha sponji la godoro, ukipaka kwa brashi inapenya chini ya manila na herufi zinakuwa na ndevu. Acha ilale usiku mzima, baridi ya huku hairuhusu haraka, kisha weka kitambaa safi juu upige pasi.

Halafu kunja ndani nje, shona, geuza, pasi tena, unganisha ncha kwa ile ya kunata ya kwenye viatu vya watoto. Lastiki sikushauri, inakunja maandishi.

Kitu cha mwisho ndo watu wengi wanakisahau halafu kitambaa kinawashukia mpaka kwenye mkono wa saa: pini. Shona kitanzi kidogo kwa ndani ukingo wa juu, pitisha pini ya kufungia, ishikize kwenye sweta. Wanshō za kweli nyingi zina pini hapo hapo. Ila itoboe kwenye mshono wa bega wa sweta, sio kwenye sufu yenyewe, sweta langu la kijani lina tundu mpaka leo na bi mkubwa bado hajaliona.