Uliza kwa jina na aina, usikariri namba

Nina kompyuta mbili kuukuu chini ya ngazi nyumbani, Majengo, nimeziunga kwa kebo na kuzitia MPICH, maktaba ya MPI, yaani njia ya nakala za programu moja (michakato) kupelekeana ujumbe. Programu yangu ya kugawana hesabu ilinisumbua: nikiongeza michakato, ndivyo inavyozidi kukokota. Nikashuku foleni ya ujumbe uliofika kabla mpokeaji hajauitisha. Wa Likoni watanielewa upesi: abiria washajaa, feri bado iko ng'ambo.

MPICH hukiita kipimo hicho unexpected_recvq_length. Lakini uijenge kwa --enable-mpit-pvars=all, la sivyo utatafuta usipate, na utajilaumu bure. Kisha andika hivi, ili n ipewe namba ya kipimo hicho:

MPI_T_init_thread(MPI_THREAD_SINGLE, &kiwango);
rc = MPI_T_pvar_get_index("unexpected_recvq_length", MPI_T_PVAR_CLASS_LEVEL, &n);

Mstari wa kwanza usiuruke hata kama ushaita MPI_Init. Huu mlango wa vipimo, MPI_T, una ufunguo wake. Katika wa pili, jina peke yake halitoshi, maana vipimo vya aina mbili tofauti vyaweza kuwa na jina moja. Ndio maana unataja LEVEL, yaani kiasi kilichopo sasa hivi. Ukitaja COUNTER (kihesabio) kwa kukisia, utarudishiwa MPI_T_ERR_INVALID_NAME ingawa jina umeliandika sawasawa. Tena rc, yaani jibu la kufaulu au kosa, iangalie mwenyewe, kwani makosa ya upande huu hayasimamishi programu. Yananyamaza tu.

Mie yalinipata. Niliona n ni 3, nikaiandika 3 moja kwa moja kwenye msimbo. Nikabadilisha toleo la maktaba, namba zikahama, nami siku mbili nzima nasoma kipimo kingine. Kilichonishtua ni kuwa "foleni" haikupungua hata programu ikiwa imetulia. Tangu hapo nauliza kila programu inapoanza, na kila mchakato unajiulizia wake.

MPI_T_pvar_get_index ilikuja na MPI 3.1, mwaka 2015. Mwenye maktaba ya 3.0 atazunguka kwa MPI_T_pvar_get_num na MPI_T_pvar_get_info, akilinganisha majina moja moja. Inachosha, ila inafika.

Ukishapata n, fungua kikao kwa MPI_T_pvar_session_create, shika kipimo kwa MPI_T_pvar_handle_alloc, halafu soma kwa MPI_T_pvar_read. Kabla ya kuita MPI_T_pvar_start, tazama kwenye MPI_T_pvar_get_info kama kipimo ni cha mfululizo (continuous). Kikiwa hivyo hakiwashwi wala hakizimwi, wewe soma tu.

Yangu ilionyesha mchakato namba 0 umelemewa, wengine wote foleni zao ni sifuri. Nikazipeleka MPI_Irecv zote, yaani maombi ya kupokea ujumbe, mwanzo kabisa, kabla ya hesabu kuanza, na foleni ya namba 0 ikashuka.