Somo: Kutengeneza kipimo cha karatasi cha kupimia nitriti katika maji ya kisima

Mwaka 2007 kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha kwamba karatasi ya maabara, ikichorwa kingo zisizopenya maji, inaweza kupima glukosi na protini katika mkojo bila pampu wala umeme, kwa kuwa nyuzi za karatasi zenyewe huvuta kimiminika. Miaka miwili baadaye watafiti walianza kuchora kingo hizo kwa nta, na tangu hapo kazi hii imekuwa ndani ya uwezo wa maabara ya shule. Nimechagua nitriti kwa sababu visima vifupi vya mitaani mara nyingi huwa karibu na vyoo vya shimo, na nitriti ni mojawapo ya dalili kwamba maji yamefikiwa na kinyesi au mbolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 3 za nitriti kwa lita ya maji ya kunywa.

Hatua ya kwanza: kuchora. Tumia karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1. Kwa krayoni ya nta, chora duara la katikati lenye kipenyo cha milimita 9, kisha vifereji vinne vinavyotoka humo, kila kimoja kikiishia kwenye duara dogo la milimita 6. Upana wa kifereji usipungue milimita 4, kwa maana nta ikiyeyuka huenea pembeni pia na kukipunguza.

Hatua ya pili: kuyeyusha nta. Hapa ndipo kipimo kinapofaulu au kuharibika, kwa hiyo msiharakishe. Weka karatasi juu ya bamba la moto lenye nyuzi joto 120 hadi 150 kwa dakika mbili, kisha igeuze: mstari wa nyuma unapaswa kukolea sawa na wa mbele. Ukionekana hafifu, nta haijapenya unene wote wa karatasi, na maji yatavuja chini ya ukingo hata kama juu unaonekana imara. Jaribu kipande kimoja kwa maji yenye rangi ya chakula kabla ya kupoteza kitendanishi, yaani mchanganyiko wa kemikali utakaobadilika rangi. Vipande vilivyofaulu vibandike utepe wa plastiki upande wa nyuma.

Hatua ya tatu: kitendanishi. Kwa mililita 10 pima gramu 0.086 za sulfanilamidi, gramu 0.63 za asidi ya sitriki isiyo na maji, na gramu 0.026 za naftilethilinidiamini, ambayo chupani huandikwa NED. Yeyusha katika methanoli iliyochanganywa na maji kidogo, kwa kuwa sulfanilamidi haiyeyuki vizuri katika maji pekee. Methanoli ni sumu na hushika moto upesi, hivyo bamba la moto liwe limezimwa na madirisha yawe wazi. Weka mikrolita 2 katika maduara matatu madogo na uache la nne bila kitu. Duara hilo tupu litakuonyesha rangi ya maji yenyewe, jambo ambalo ni muhimu sana kwa visima vyenye maji ya tope au ya kutu. Kausha gizani.

Hatua ya nne: kupima na kusoma. Dondoshea mikrolita 30 za maji katikati na usubiri dakika kumi. Nitriti ikiwapo, rangi ya waridi hutokea, na mara nyingi hukolea zaidi ukingoni mwa duara kwa sababu maji yanayoingia husukuma kitendanishi mbele. Usikadirie kwa macho tu. Yeyusha gramu 0.150 za nitriti ya sodiamu katika lita moja ya maji yaliyokenekwa, upate miligramu 100 za nitriti kwa lita, kisha zimua hadi 1, 3, 5 na 10. Pima hizo pamoja na maji yaliyokenekwa matupu kwenye vipande vingine, na upige picha moja ya simu yenye vipande vyote chini ya mwanga uleule.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Shule yetu haina bamba la moto wala pipeti ndogo. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Laza karatasi kati ya foili mbili za alumini na uikandamize kwa pasi ya moto. Kwa sampuli, sindano ya insulini ya U-100 inatosha, kwani yuniti moja ni mikrolita 10, hivyo vuta yuniti tatu. Kitendanishi kiwekwe kwa kapilari, yaani mrija mwembamba sana wa kioo, kwa mguso mfupi ulio sawa katika kila duara.

Swali: Katika programu ya picha, nisome rangi ipi?

Jibu: Soma thamani ya kijani, kwa sababu waridi hili hufyonza zaidi mwanga wa kijani; kwa hiyo kadiri nitriti inavyoongezeka, ndivyo thamani hiyo inavyoshuka.

Swali: Maji ya bomba letu hayakuonyesha rangi yoyote. Je, niwaambie majirani kwamba ni salama?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Klorini iliyomo katika maji ya bomba hugeuza nitriti kuwa nitrati, na kipimo hiki hakioni nitrati mpaka igeuzwe kwanza kuwa nitriti, kwa mfano kwa unga wa zinki. Bakteria pia hawaonekani hapa kabisa. Waambie tu kwamba nitriti haikuonekana, na maji ya kunywa waendelee kuyachemsha.