Kubadilisha vitenzi vya kawaida vya Kifaransa bila kukariri majedwali

Binamu yangu anajiandaa kwa mtihani wa Kifaransa wa DELF B1, na njia hii ndiyo niliyompa. Programu za simu zinazomwaga jedwali zima kwa mpigo sizipendekezi kabisa, kwa sababu jicho linaona na mkono haujifunzi. Chukua daftari.

1. Mzizi. Ondoa -er, -ir au -re: parler (kusema), finir (kumaliza) na vendre (kuuza) hubaki parl-, fin-, vend-.

2. Présent (wakati uliopo). Ya kukariri ni haya tu, kwa mpangilio wa je (mimi), tu (wewe), il/elle (yeye), nous (sisi), vous (ninyi), ils/elles (wao):
- parle, parles, parle, parlons, parlez, parlent
- finis, finis, finit, finissons, finissez, finissent
- vends, vends, vend, vendons, vendez, vendent

Sisi tumezoea nafsi na wakati vikae mbele: nitauza, uliuza. Kifaransa huviweka mkiani, na masikioni parle, parles na parlent ni kitu kimoja. Kwa hiyo usiviache viwakilishi je, tu au ils.

3. Imparfait (jambo lililokuwa likiendelea zamani). Hapa ndipo wengi hukwama, basi nenda polepole. Usianzie kwenye infinitif (umbo la kamusi, kama finir). Chukua umbo la nous la présent, kata -ons, kisha weka -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Anayeanzia finir huandika «je finais». Anayeanzia nous finissons hupata je finissais, na ndiyo sahihi.

Manger ina nous mangeons, kwani bila ile e, g ingesomeka kama ya «gari». Kwa hiyo ni je mangeais, ils mangeaient. Lakini nous mangions na vous mangiez hazina e, maana i inatosha kuilainisha g. Commencer hufanya vivyo hivyo: je commençais, ila nous commencions. Étudier hutoa nous étudiions, i mbili. Usifute hata moja. Kitenzi pekee kinachokataa kanuni hii ni être (kuwa): j'étais.

4. Futur (wakati ujao) na conditionnel (-nge-). Infinitif nzima (vendre hudondosha e) pamoja na -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont: je vendrai. Weka miisho ya imparfait hapohapo, umepata conditionnel: je vendrais.

5. Subjonctif (umbo la matakwa au shaka, baada ya que). Umbo la ils, kata -ent, weka -e, -es, -e, -ions, -iez, -ent: que je finisse, que nous vendions.

6. Passé composé (jambo lililokwisha). Avoir (kuwa na) ya présent pamoja na parlé, fini, vendu. Arriver (kufika) na tomber (kuanguka) hutaka être, na hapo mwisho hufuata mtenda: elle est arrivée.

7. Amri. Vya -er hupoteza s ya tu: Parle!

Sasa funga ukurasa, uandike choisir (kuchagua) peke yako. Majibu ya nafsi ya je: je choisis, je choisissais, je choisirai, je choisirais, que je choisisse, j'ai choisi.