Jinsi ya kuingia timu ya utafiti wa vimbunga ukiwa Mbeya

Kwanza watakucheka, maana Mbeya na bahari wapi na wapi. Waache. Kama uko mwaka wa pili au wa tatu pale MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, au unasoma fizikia Mkwawa Iringa, na unataka siku moja uwe kwenye timu ya chuo inayosoma vimbunga na mienendo ya angahewa, inawezekana kabisa, shida ni kwamba wengi wanaanzia juu, wanamwandikia mtu kama Kerry Emanuel, bingwa wa vimbunga wa chuo cha MIT Marekani, "napenda sana utafiti naomba nafasi", na mzee mwenyewe ameshastaafu. Imeili ya hivyo hata wewe ungeifuta.

Anza kwa kuwajua watu wa timu. Profesa ndo bosi, anatafuta hela. Chini yake kuna waliomaliza PhD wako kwa mkataba, wanafunzi wa PhD na masta, na mara nyingine jamaa mmoja wa kompyuta ambaye akiumwa kazi zinasimama. Kila mtu ana kipande chake: huyu anakaa na milinganyo, yule anaendesha modeli kama WRF, yaani programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa, mwingine anachambua vipimo vya ndege zinazoingia ndani ya kimbunga kule Atlantiki na kudondosha vifaa vyenye parachuti. Tafuta kipande unachoweza kukishika, soma makala moja ya mwenye nacho, anza na michoro kabla ya maneno.

Alafu jifunze mgandamizo wa hewa mpaka ukae kichwani, hapa watu wa nyanda za juu tuna bahati. Kama simu yako ina kipima mgandamizo, ifungue ukiwa sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, itasoma kama hektopaskali 830 hivi. Sasa kimbunga Tip cha Pasifiki mwaka 1979, ambacho ndo kinashikilia rekodi ya dunia ya mgandamizo mdogo usawa wa bahari, kilifika 870. Yaani ukiiamini simu kavukavu, Mwanjelwa kila siku kuna kimbunga kinachompiku Tip na akina mama wanauza parachichi kama kawaida. Sababu ni mwinuko, tuko kama mita 1,700 juu, hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo, ndo maana wataalamu wanazirudisha namba zote usawa wa bahari kabla ya kulinganisha. Ukiweza kukokotoa hilo mwenyewe kwa karatasi, umeshagusa dainamiki ya kweli, yaani hesabu za nguvu zinazoisukuma hewa.

Baada ya hapo fanya kazi moja ndogo ya bahari yetu. Mimi ningechukua kimbunga Hidaya, kile kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Njia yake na nguvu yake vinapatikana bure kwenye IBTrACS, kumbukumbu ya vimbunga vya dunia nzima, na hali ya angahewa ya siku hizo iko kwenye ERA5, hazina ya hali ya hewa iliyopita iliyogawa dunia visandukuvisanduku, nayo bure, unajiandikisha tu kwenye tovuti ya Copernicus ya Ulaya. Tafadhali usivute dunia nzima, kata kiboksi cha pwani yetu, siku nne, upepo na mgandamizo basi, la sivyo bando lote linaishia hapo. Chora kwa Python, weka namba za IBTrACS na za ERA5 pamoja. Kimbunga cha ERA5 kinaweza kutokea kinyonge kuliko cha IBTrACS, usishtuke wala usidhani umeharibu: visanduku vya ERA5 vina upana wa kilomita 31 hivi, na ukuta wa jicho, yaani pete ya mawingu inayozunguka kitovu cha kimbunga, ambako upepo mkali ndo unakaa, unapotelea humo ndani. Na hizo za IBTrACS nazo kwa bahari yetu zimekadiriwa zaidi kwa picha za satelaiti, sisi hatuna zile ndege za Wamarekani. Sasa hapo una swali la kumuuliza mtu.

Imeili iwe fupi. Mwandikie mwanafunzi wa PhD au yule wa mkataba kwanza, hao ndo wanajibu, profesa baadaye. Sema unasoma nini na wapi, weka mchoro mmoja, uliza swali moja linalohusu makala yake. Stori ya maisha yako iache.

Hela isikutishe mapema, Marekani PhD nyingi za fani hii zinalipiwa ada na posho kwa kazi ya utafiti au kufundisha, masta ndo uulize vizuri. Maombi mengi yanafungwa Desemba na Januari, kwa hiyo transkripti na barua za walimu anza kuzihangaikia Agosti huko, ofisi zetu unazijua. Angalia na saa: ukituma saa mbili asubuhi Mbeya, pale chuo cha Colorado State Marekani, ambako William Gray alianzisha utabiri wa msimu wa vimbunga vya Atlantiki mwaka 1984, ni usiku na asubuhi imeili yako iko chini ya nyingine arobaini. Tuma saa kumi na moja jioni, kwao ndo kunakucha. Wiki mbili kimya, kumbusha mara moja, halafu nenda kwa mwingine.